Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya maji na wanyamapori: Tutoeni mtoni kabla ya kutufuta machozi

Kando ya Mto Rufiji,
Mkoa wa Pwani.

Kwa Waheshimiwa viongozi wenye dhamana ya wanyamapori na wenye dhamana ya maji vijijini, kuanzia ngazi ya wilaya hadi wizarani.

YAH: WATU KUUAWA NA KUJERUHIWA NA MAMBA KATIKA SEHEMU ZA KUTEKA MAJI

Waheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Kwa heshima na taadhima, sisi wakazi wa kijiji kimoja cha kando ya Mto Rufiji tunawaandikia hadharani jambo ambalo tulikwisha kuliandika faraghani, kwa kufuata ngazi zote tulizoelekezwa: kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa mtendaji wa kijiji, kwa mtendaji wa kata, na hatimaye wilayani, ambako barua zetu ziligongwa mhuri wa kupokelewa na safari yake ikaishia hapo. Laiti tungejibiwa kwamba ombi limekataliwa, tungejua pa kukatia rufaa. Tumenyamaziwa, na katika muda huo wa kunyamaziwa mto umeendelea kuchukua watu. Hatumtaji ofisa yeyote kwa jina, na kijiji chetu hatukitaji, kwa sababu shida hii si yetu peke yetu. Mtu yeyote anayeishi kati ya kijiji cha Mloka na delta ya mto huu atajiona humu.

Tunalolisema ni moja. Mamba wanatuua kwa sababu hatuna maji mahali pengine isipokuwa kwao. Tukienda kwa wenye wanyamapori tunaambiwa kwamba kisima ni kazi ya wenye maji, na tukienda kwa wenye maji tunaambiwa kwamba mamba ni kazi ya wenye wanyamapori. Mtoto anayekamatwa mguu akiwa ameinama na ndoo yake anakuwa hana ofisi. Ndiyo maana barua hii tumeielekeza kwenu nyote kwa pamoja, msomeane, ili asiwepo wa kumsukumia mwenzake.

Malalamiko yetu ni haya yafuatayo.

1. Maji yako mtoni tu.

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka mwananchi wa kijijini apate maji safi yasiyopungua lita 25 kwa siku, katika kituo kisichozidi mita 400 kutoka anapoishi, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Kwa kipimo hicho cha serikali yenyewe, kaya ya watu sita inahitaji lita 150 kwa siku, yaani ndoo saba na nusu za lita 20. Ikiwa ndoo zote hizo zinatoka mtoni, basi kila kukicha kaya moja inampeleka mtu wake ukingoni mara saba au nane, na kijiji chenye kaya 200 kinapeleka watu ukingoni mara 1,500 kwa siku moja. Kwa kweli kaya nyingi huteka pungufu ya hapo kwa sababu ya woga, na pungufu hilo tunalilipa zahanati, kwa upele wa watoto na kuhara.

Wanawake wetu wamejitafutia njia. Hufunga kopo la lita moja kwenye ncha ya mti mrefu, husimama hatua tatu au nne nyuma ya ukingo, na kuteka kidogo kidogo mpaka ndoo ijae. Ndoo moja ni makopo ishirini, na kila kopo likigusa maji linatoa mlio uleule mahali palepale. Wakati wa masika, tope linapoteleza na maji yanapopanda hadi kwenye majani, hatua zile nne hazipatikani tena. Anayefua hawezi kufulia kwenye ncha ya mti. Anayetega nyavu hawezi. Anayevuka kwenda shamba la ng'ambo kwa mtumbwi wa gogo, ambao ukingo wake unasimama shubiri moja tu juu ya maji, hana hata kopo la kumsaidia.

Kisima kirefu kilikwisha kuchimbwa hapa kijijini, na tunawashukuru waliokichimba. Pampu iliharibika. Fundi alikuja, akaifungua, akaandika kifaa kinachotakiwa, akaondoka na kile kilichoharibika ili akakitafutie mfano wake, na tangu siku hiyo bomba lile linafungiwa mbuzi. Tunaongeza, bila kejeli, kwamba juu yetu katika mto huuhuu limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa na uwezo wa kuzalisha megawati 2,115. Tunalijivunia kama Watanzania wengine wote. Lakini maji yakishamaliza kuzungusha mitambo hiyo hushuka yakatufikia sisi, nasi tunayateka kwa kopo lililofungwa kwenye mti, kwa kukosa umeme na kifaa cha pampu moja.

2. Hatari hii ina mahali, ina saa na ina msimu, kwa hiyo inazuilika.

Mamba wa Rufiji si mnyama wa kubahatisha. Huwinda kwa kuvizia. Hujilaza akaacha macho na pua juu ya maji, au akazama kabisa, karibu na mahali alipozoea kuona wanyama wakija kunywa, na mtu aliyeinama kwenye ukingo ni windo kama windo jingine. Tunakwenda mahali palepale kwa sababu ndipo ukingo ulipo mlalo. Tunakwenda saa zilezile, alfajiri kabla ya shamba na jioni kabla ya giza, kwa sababu ndizo saa za kupika. Mazoea yetu ndiyo yanayomlisha, na mazoea hayo hatuwezi kuyaacha, maana hakuna kijiji kinachoweza kuamua kupika bila maji.

Tena mamba ana mwaka wake. Kiangazi, maji yanapopungua na mchanga kujitokeza, jike hutaga mayai yake, ambayo aghalabu hupita arobaini, akayafukia mchangani na kukilinda kiota kwa muda wa karibu miezi mitatu mpaka yaanguliwe. Michanga hiyohiyo ndiyo tunayovutia mitumbwi na kuvukia kwenda kulima mlao, yaani kilimo cha kwenye unyevu unaoachwa na mto, baada ya maji kushuka. Kisha joto na mvua vikija, mamba huchangamka na kula zaidi. Mafuriko nayo yana madhara ya peke yake. Mwezi Aprili 2024, maji yalipofunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, mpaka kati ya mto na konde ulipotea, na yalipokauka yaliacha madimbwi yenye mamba mahali ambapo mama alikuwa amezoea kupalilia bila wasiwasi.

Haya yote yanafahamika kwa wataalamu wenu kuliko kwetu. Wazee wa hapa wanaweza kumwonyesha ofisa kwa kidole kona ya mto anakokaa mamba mkubwa, mchanga anakotaga jike, na kivuko ambacho watu wawili walishikwa katika msimu mmoja. Tumewaalika waje waonyeshwe. Hakuna aliyekuja, na kwa jinsi tujuavyo hakuna ramani yoyote ya sehemu hizo iliyochorwa, ingawa ni kazi ya siku chache kwa mtu mwenye boti na simu.

3. Kifuta machozi kinadai ushahidi ambao mamba hauachi.

Kanuni za mwaka 2011, zilizotungwa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, ziliweka kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama mkali. Kiwango hicho kilipandishwa baadaye, na kwa hilo tunatoa shukrani za dhati. Ugomvi wetu hauko kwenye kiwango, uko kwenye karatasi.

Aliyeuawa na tembo huonekana. Aliyeuawa na simba huacha walau mabaki. Mamba humvuta mtu chini, na mara nyingi mto haurudishi kitu. Familia ya binti mmoja aliyechukuliwa hapa kijijini ilibaki na ndoo iliyoelea, kandambili moja iliyokwama kwenye tope, na mashahidi wawili waliomwona akivutwa. Daktari, naye ana haki, alisema hawezi kuandika chanzo cha kifo cha mtu ambaye hajamwona. Ofisi, nayo ina haki, ilisema haiwezi kupokea fomu isiyo na taarifa ya daktari. Katikati ya haki hizo mbili familia imekosa haki yake mpaka leo. Shehe aliongoza swala ya ghaibu, tukahitimisha matanga. Dini imekuwa na njia ya kumuaga mtu asiye na maiti tangu karne na karne. Tunaamini kanuni za serikali nazo zinaweza kupata kifungu cha namna hiyo, kinachokubali ushahidi wa watu wazima walioona, ukithibitishwa na mtendaji na baraza la kijiji.

Walionusurika nao wana yao. Jeraha la mamba ni chafu, huoza upesi, na mtu huhitaji hospitali kubwa siku hiyohiyo. Masika barabara zikikatika, njia ni mtumbwi, yaani kumrudisha majeruhi kwenye maji yaleyale. Gharama za matibabu hutolewa na ndugu kwa kuuza mbuzi na kuweka shamba rehani, na kinachokuja baadaye, kikija, huwakuta wamekwisha kuwa na deni. Tunaomba msitupe jibu la kwamba malipo yapo kwenye mchakato. Mchakato hauna tarehe, deni lina tarehe.

4. Pale ofisi isipofika, uchawi hufika.

Jambo hili tunalisema kwa haya, lakini lazima lisemwe. Mtu akichukuliwa na mamba na asije ofisa kueleza ilivyokuwa, wala kumtafuta mnyama huyo, watu hujitafutia maelezo. Husemwa kwamba mamba yule alitumwa. Hutajwa mzee aliyegombana na marehemu juu ya mpaka wa konde, au ajuza anayeishi peke yake karibu na mto. Wako wazee katika vijiji vyetu waliohama nyumba zao kwa sababu ya maneno hayo, na mnajua vizuri mahali ambapo maneno hayo yameweza kufika katika nchi yetu.

Ofisa akija siku ya pili, akapima unyayo kwenye mchanga, akasema mbele ya watu kwamba huyu ni mamba wa urefu fulani, anakaa pale, na tutamwondoa, mnong'ono wa uchawi hupungua nguvu. Kwa hiyo kufika kwenu mapema kuna kazi mbili, na ya pili haigharimu hata risasi.

5. Haki ya kujihami ipo kwenye sheria, lakini watu wanaiogopa.

Sheria ya 2009 haimhesabu kuwa mhalifu mtu aliyemuua mnyama ili kuokoa maisha. Hata hivyo mamba aliyekufa ni nyara ya serikali, na kijana wa kijijini anachokijua ni kimoja tu: akikutwa na jino au kipande cha ngozi, ataulizwa yeye na si mamba. Matokeo yake ni kwamba mamba akiuawa katika purukushani ya kumwokoa mtu, husukumwa majini usiku na kila mmoja akafunga mdomo. Tukio halitolewi taarifa. Halafu mwisho wa mwaka takwimu za ofisi zinaonyesha kwamba matukio yamepungua, na upungufu huo unatumiwa kueleza kwa nini hapahitajiki askari wala kizimba cha kuzuia mamba majini.

Waheshimiwa, tumekaa na viongozi mbalimbali kiasi cha kutosha kujua majibu yatakayokuja, kwa hiyo tunaomba tuyajibu mapema.

Tutaambiwa kwamba ni sisi tuliowafuata wanyama. Hifadhi za kwanza za wanyama kando ya Rufiji zilitangazwa na Wajerumani mwaka 1896, na wakati huo bonde hili lilikuwa na wakulima wa mpunga wanaojua msimu wa mto kwa jina. Baadaye, baada ya mafuriko ya mwaka 1968, serikali yenyewe iliendesha Operesheni Rufiji na kuwahamisha wazee wetu kutoka bondeni kwenda vijiji vya juu. Walitii. Mashamba yenye rutuba yalibaki bondeni, na maji yalibaki mtoni, kwa hiyo kila siku ya maisha yetu tunashuka kutoka mahali tulipopangiwa kukaa kwenda mahali tunapopata riziki. Si haki kutuhesabu wavamizi katika njia hiyo.

Tutaambiwa kwamba mamba analindwa na mikataba ya kimataifa. Analindwa, na sisi hatuombi amalizwe. Lakini chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mamba wa Tanzania wako katika orodha ya pili, inayoruhusu biashara kwa masharti, na nchi yetu inaruhusiwa kusafirisha nje hadi mamba 1,600 wa porini kwa mwaka. Kama mkataba unaruhusu mamba wauzwe kwa ajili ya ngozi na nyara, haiwezekani mkataba huohuo ukawa ndio kizuizi cha kumwondoa mmoja ambaye amekwisha kula watu katika kivuko kinachojulikana. Na hata hapo tunasema wazi kwamba kuua peke yake hakutoshi: ukimwondoa mkubwa na watu wakaendelea kuinama mahali palepale, atakuja mwingine kushika nafasi.

Tutaambiwa kwamba wananchi wapewe elimu. Tumekwisha kuletewa bango lenye picha ya mamba na maneno ya kututahadharisha tusikaribie maji, likapigiliwa kwenye mwembe wa njia ya mtoni. Mwenye kulisoma bango hilo ana ndoo kichwani. Elimu ni nzuri kwa mtu mwenye uchaguzi.

Tutaambiwa kwamba askari ni wachache na eneo ni kubwa. Hili ni kweli, na hatulipuuzi. Hata hivyo bonde hili lina kumbukumbu. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba mmoja, ambaye watu walimbandika jina la Osama, aliua zaidi ya watu thelathini hapa Rufiji, na nchi nzima ikamjua, magazeti yakamwandika, askari wakamsaka mpaka akauawa Aprili 2004, akakutwa na jipu kubwa chini ya gego. Mamba hajapata jina wala gazeti. Huchukua mmoja leo, mwingine baada ya mavuno, kila mmoja katika kijiji chake, na kwa kuwa vifo vyake vimetawanyika hakuna anayevijumlisha.

Kuhusu simba hao liko funzo ambalo tungependa mlisome upya. Watafiti walioandika mwaka 2005 walihesabu Watanzania wasiopungua 563 waliouawa na simba tangu mwaka 1990, wengi wao katika mikoa ya kusini na pwani. Walipotafuta chanzo walikutana na nguruwe pori: nguruwe hula mazao, mkulima hulala shambani kwenye dungu ili awafukuze, simba huwafuata nguruwe na kumkuta mkulima. Kwa hiyo njia ya kuwaokoa watu na simba ilianzia kwa nguruwe. Sisi tunawaambia kwamba njia ya kuwaokoa watu na mamba inaanzia kwenye bomba, na hatujui ni utafiti gani mwingine unaohitajika kabla ya kulikubali hilo.

Mwisho tutaambiwa bajeti. Hapa tunapenda kukumbusha kwamba kando ya Ziwa Victoria, katika halmashauri ya Buchosa mkoani Mwanza, vimejengwa vizimba vya kuzuia mamba katika sehemu za kutekea maji, yaani uzio imara ndani ya maji ambamo mtu huteka akiwa upande wa ndani na mamba akabaki nje. Nchini Sri Lanka, katika Mto Nilwala, uzio wa namna hiyo umekuwa ukitumika. Hili si jambo la kubuni upya. Tunakiri kwamba mto si ziwa: Rufiji hupanda na kushuka sana, kizimba kilichojengwa Septemba kitazama Aprili, na kilichojengwa Aprili kitasimama mchangani Septemba. Kwa hiyo kizimba chetu lazima kiwe cha kusogezwa, au kijengwe juu ya mapipa yanayoelea, na kikaguliwe kila mto unapobadilika, kwa sababu uzio wenye tundu moja ni mbaya kuliko kutokuwa na uzio. Huwapa watu imani wasiyostahili kuwa nayo. Vijana wa hapa wanajua kuchomelea vyuma, na wako tayari kutoa nguvu kazi.

Kwa maelezo hayo tunaomba yafuatayo, kwa mpangilio wa umuhimu wake.

(a) Pampu ya kisima kilichopo itengenezwe kabla ya masika yajayo, na vijiji vyote vya kando ya mto ambavyo watu wake wameuawa na mamba viwekwe mbele katika mipango ya visima, kwa kigezo cha vifo na si cha idadi ya watu peke yake. Kijiji kidogo hakiwezi kushinda katika foleni ya idadi.

(b) Wakati kisima kikisubiriwa, kijengwe kizimba kimoja cha majaribio katika sehemu ya kutekea maji na kufulia, cha kusogezwa kama tulivyoeleza, na wakabidhiwe wanakijiji waliofundishwa kukikagua.

(c) Idara zenu mbili ziteue mtu mmoja, mwenye jina na namba ya simu inayopokelewa, wa kushughulikia masuala ya mamba katika bonde hili, ili mwananchi asiambiwe tena kwamba amekosea mlango. Mtu huyo achore, pamoja na wazee wetu, ramani ya vivuko na michanga ya hatari, na aamue ni mamba yupi wa kuondolewa na ni kiota kipi cha kuhamishwa mayai.

(d) Panapotokea shambulio, ofisa afike ndani ya saa 48, akiwa na uwezo wa kumshughulikia mnyama na wa kuandika ushahidi palepale, ikiwemo pale ambapo mwili haukupatikana. Madai ya zamani yaliyokwama kwa kukosa taarifa ya daktari yafunguliwe upya.

(e) Itolewe taarifa ya maandishi, kwa Kiswahili cha kawaida, itakayosomwa msikitini na kwenye mkutano, ikieleza mtu afanye nini akimuua mamba kwa kujihami, atoe taarifa kwa nani, na kwamba hatashtakiwa akiitoa.

Ombi la kwanza likitekelezwa, mengine yatapungua yenyewe. Tumeyapanga hivyo kwa makusudi, na tunawasihi msianze na lile la mwisho kwa kuwa ni rahisi.

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Tunawaalika mmoja kutoka upande wa maji na mmoja kutoka upande wa wanyamapori wafike katika mkutano ujao, wakae meza moja, na watujibu kila kipengele kwa tarehe. Nafasi yao imekwisha kuwekwa kwenye ajenda, na muhtasari wa mkutano huo, wakifika au wasipofika, tutaupeleka kule tulikopeleka nakala za barua hii.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mjumbe wa kamati ya maji,
kwa niaba ya wakazi wa vitongoji vya kando ya mto.

Nakala:
Diwani wa kata,
Mbunge wa jimbo,
Mwenyekiti na Ofisa Mtendaji wa Kijiji,
Vyombo vya habari.